Msiziruke salamu: majibu kwa wasomaji kuhusu barua za wazee

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanieleze kama nyumbani kwao bado zipo barua za wazee, na kama zipo, wanazifanyia nini. Mlioandika ni wengi kuliko kurasa nilizopewa, kwa hiyo nimechagua maswali manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu, kwa sababu lalamiko lililomo limerudiwa na wasomaji wengi.

Swali: Shikamoo Bibi. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Muheza. Alitoka Newala akiwa kijana, akaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wala hakurudi tena kuishi kwao. Katika sanduku lake la bati tumekuta barua 72 alizoandikiwa kutoka nyumbani, za kuanzia mwaka 1958 hadi 1984. Nimezisoma zote, na kusema kweli nimevunjika moyo. Nilitarajia kuijua historia ya ukoo wetu, lakini kila barua ni salamu tu: fulani anakusalimu, na fulani naye anakusalimu, hadi karatasi inakwisha. Kaka yangu anasema tuzichome. Je, kuna habari yoyote ninayoweza kuipata humo? (Binti wa tatu, Muheza)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwambie kaka yako aweke kiberiti chini. Hizo salamu unazozilalamikia ni orodha ya ukoo wenu, iliyoandikwa upya mara 72 katika muda wa miaka 26, na walioiandika ni watu waliokuwa wakiishi pamoja na hao wanaotajwa.

Nitakueleza nilivyolijua jambo hili. Nilipokuwa darasa la nne nilikuwa mwandishi wa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alikuwa akiketi mkekani na kutaja majina huku akikunja vidole ili asimsahau mtu, nami niliandika nikiwa nimeinamia kigoda. Siku moja mkono ulinichoka, nikaruka jina. Alipotaka nimsomee nilichoandika, alinisimamisha katikati: "Na shangazi yake yuko wapi?" Nikamjibu kwamba nafasi imekwisha. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi umemwandikia mwanangu kwamba shangazi yake amekufa." Tuliiandika barua ile upya kwenye karatasi nyingine, na tangu siku hiyo sijazisoma salamu za barua kwa haraka.

Kumbuka kwamba barua ya wakati ule haikuwa ya mtu mmoja. Kabla haijatoka Newala ilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliotaka kutajwa, na ilipofika kambini kwa baba yako huenda ilisomwa tena mbele ya wenzake waliotoka upande mmoja naye. Aliyeachwa nje ya orodha alijua kwamba ameachwa, na alikuwa na haki ya kuuliza sababu. Ndiyo maana orodha ile haikuandikwa ovyo. Wakubwa hutangulia na wadogo hufuata, na mtu hutajwa kwa nafasi yake kwa msomewa kuliko kwa jina lake. Kwa kuwa Wamakonde walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya wapwa zake, usishangae ukiona mjomba anatangulia kila mara kuliko baba mdogo. Huo wenyewe ni ushahidi wa namna nyumba ile ilivyoendeshwa, na hapo Tanga ulikokulia huenda hukupata nafasi ya kuuona.

Chukua daftari kubwa. Zipange barua kwa tarehe, kisha kwa kila barua andika majina ya wanaosalimu kwa mpangilio uleule uliotumiwa, bila kurekebisha chochote. Ukifika barua ya kumi utaanza kuona watu wakitembea. Mtoto huingia mwishoni mwa orodha, mara nyingine bila jina, kwa maneno kama "dada yako amepata mgeni". Miaka michache baadaye mgeni huyo ana jina, kisha anasoma, kisha anaonekana katikati ya orodha pamoja na mkewe au mumewe. Jina linapotoweka, rudi kwenye barua hiyohiyo na uitafute sentensi yenye neno "ila". Wazee wetu hawakuanza na msiba. Waliandika "sisi huku hatujambo sote, ila bibi yako hatunaye tena", na msomaji wa leo asiyezoea huiona ile "hatujambo sote" akaenda zake. Mimi huwashauri watu wapigie mstari kila "ila" na kila "isipokuwa" katika nakala zao, wala si katika barua zenyewe.

Kuna fungu jingine la maneno ambalo hupaswi kuliruka, nalo ni "mengine tukijaaliwa kuonana". Kwa kuwa barua ilisomwa hadharani, mambo ya mahari, ya ugomvi wa shamba au ya ugonjwa wa aibu hayakuandikwa. Fungu hilo likitokea mara moja tu katika mwaka mzima, au likiandikwa ghafla baada ya kutajwa mtu fulani, fahamu kwamba kuna jambo lilikuwa linamsubiri baba yako kwao, na mzee aliyebaki hai anaweza kulikumbuka ukimtajia mwaka na jina.

Habari nyingine zimefichwa katika mambo madogo. Kama baba yako aliletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha vibarua kutoka mbali, basi alikuwa akihesabu muda wake kwa vipande, yaani kadi za siku 30 za kazi, ambazo haikuwa lazima zifuatane. Nyumbani wakimwuliza "umebakiza vipande vingapi", walikuwa wanauliza atarudi lini. Tazama ni mwaka gani swali hilo liliacha kuulizwa. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka ambao kwao walikubali kwamba amehamia Tanga, na pengine ni karibu na wakati alipomwoa mama yako.

Angalia pia mahali barua zilikoandikwa. Katika miaka ya 1970 watu wa mikoa ya kusini walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuingia vijijini. Barua inayosema "sasa tumehamia kijijini" inakuonyesha makaburi na mikorosho ya zamani iliachwa wapi, jambo ambalo ramani ya leo haitakuonyesha. Wala usichanganyikiwe ukikuta barua inauliza jambo ambalo lilikwisha kujibiwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakichachamaa barabara ya kusini ilikatika, hivyo barua mbili ziliweza kupishana njiani bila moja kujua habari za nyingine.

La mwisho ni mwandiko. Huenda barua za mwanzo za bibi yako zina mwandiko mzuri wa mwalimu au wa mtoto wa shule, kisha katikati ya miaka ya 1970 ukatokea mwandiko mwingine, wenye herufi kubwa zinazopanda na kushuka mstari. Usidhani kwamba wamepata mwandishi mbaya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga iliendelea hadi 1975, ambapo akina mama wengi waliingia kisomo baada ya kazi za shamba. Ukiukuta mwandiko huo, linganisha orodha ya salamu kabla na baada yake. Aliyekuwa akitumia mkono wa mtu mwingine sasa alikuwa peke yake na mwanawe kwenye karatasi, na mara nyingi hapo ndipo maneno yanayomhusu yeye mwenyewe yanapoanza. Barua hizo zisome mwisho, ukiwa umetulia.

Swali: Shikamoo. Barua za marehemu mama nimezihifadhi katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, lakini zimeanza kuwa na madoa meusi, na nyingine zimechanika kwenye mikunjo. Mdogo wangu anataka tuzipeleke dukani zikafunikwe kwa plastiki ya moto kama vyeti vya shule. Je, ni sawa? (Msomaji, Bagamoyo)

Jibu: Marahaba. Hapana, usizipeleke. Plastiki ile hugandishwa kwa joto na gundi, na ikishashika karatasi hakuna njia ya kuitoa bila kuiharibu barua. Selotepu nayo usiitumie kwenye mikunjo. Niliwahi kuiunga kwa selotepu barua ya baba yangu, na baada ya miaka michache gundi yake iligeuka rangi ya kahawia na kuyameza maneno matatu ambayo siwezi tena kuyasoma, na najuta hadi leo.

Zitoe katika mfuko huo leo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na plastiki huufungia ndani, ukungu ukaota. Hayo madoa meusi huenda ndiyo matokeo yake. Zitandaze kivulini penye hewa hadi zikauke, toa pini zote kwa sababu kutu hula karatasi, kisha kila barua uiweke pamoja na bahasha yake ndani ya karatasi nyeupe safi, na zote ndani ya boksi lililo juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta, ambako mchwa hupanda. Lifungue kila baada ya miezi michache, na hasa masika yakiisha. Stempu msizikate hata mtoto akizililia kiasi gani, kwa kuwa mhuri wa posta uliopigwa juu yake mara nyingi ndio tarehe pekee iliyobaki. Zile karatasi za buluu za ndege, ambazo ni barua na bahasha kwa pamoja, zifunue zote, kwani watu walipenda kumalizia salamu kwenye ubavu wa ndani. Zipige picha kwa simu karibu na dirisha bila kuwasha taa ya kamera, pande zote mbili, kisha nakala ziwekwe katika nyumba mbili tofauti za familia.

Swali: Assalamu alaikum. Bibi yangu alihamia Muscat kutoka Pemba katika miaka ya 1970, nami nimezaliwa huku. Anazo barua za dada yake wa Wete, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu nakisoma vizuri, lakini kila nikianza barua naelewa mistari miwili ya juu, kisha sielewi chochote. Macho ya bibi hayaoni tena. Nifanyeje? (Mjukuu, Muscat)

Jibu: Waalaikumu salaam, mjukuu wangu. Unaelewa mistari miwili kwa sababu hiyo miwili tu ndiyo Kiarabu. Ilikuwa desturi kufungua barua kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa maneno ya heshima ya Kiarabu, kisha mwandishi akaingia katika Kiswahili bila kubadili herufi. Unachokitazama ni lugha ya bibi yako. Desturi hiyo ni ya zamani sana. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India, ziko barua za Kiswahili cha hati hiyo zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711.

Ugumu ni kwamba herufi za Kiarabu hazikutungwa kwa sauti zetu, na kila mwandishi alitafuta njia yake. Herufi ya be inaweza kusimama mahali pa b, pa p na hata pa mb. Fe inaweza kuwa f au v. Shini inaweza kuwa sh au ch. Ghaini huweza kuwa g au ng. Kasra moja hubeba e na i, na dhuma moja hubeba o na u. Kwa hiyo be mbili zinaweza kuwa baba, papa au pamba, na macho peke yake hayawezi kukuamulia.

Masikio yanaweza. Keti karibu na bibi yako umsomee kwa sauti, neno kwa neno, hata kama kwako halina maana, ukijaribu "baba", kisha "papa", kisha "pamba". Yeye anakijua Kipemba cha dada yake na anajua nani alikuwa akisema nini, hivyo atalidaka neno kabla hujalimaliza. Washa kinasa sauti cha simu. Kwa uzoefu wangu atakuwa anasimulia mengi kuliko yaliyoandikwa, na hasa mtakapofika kwenye salamu, maana kila jina litamtoa kwenye barua na kumpeleka katika nyumba ya mtu. Usimrudishe haraka. Barua moja kwa siku inatosha.

Kuhusu tarehe, huenda ukakuta miezi ya Kiswahili badala ya ile uliyosoma shuleni. Sisi tulihesabu kuanzia mwisho wa Ramadhani, kwa hiyo Shawwal ni Mfungo Mosi, mwezi wa Hija ni Mfungo Tatu, Muharram ni Mfungo Nne, na mwezi wa Maulidi ni Mfungo Sita, hadi Mfungo Tisa, kisha hufuata Rajabu na Shaabani. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11. Kukusaidia kupima: mwaka 1400 ulianza Novemba 1979, na Mfungo Sita wa mwaka 1398 uliangukia Februari 1978. Mwezi ulipoandama Pemba unaweza kutofautiana kwa siku moja au mbili na kalenda, lakini kwa kazi yako hilo halina madhara. Kama bibi atachoka, Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja, zimehifadhi maandishi mengi ya hati hii, na unaweza kwenda kuulizia msaada huko ukija kutembea.

Swali: Shikamoo Bibi. Shangazi yetu wa Singida ametupa barua ambazo marehemu baba alimwandikia kati ya mwaka 1969 na 1977. Katika tano kati ya hizo baba ameandika "nisalimie mwanangu", kisha jina la kiume ambalo hakuna hata mmoja wetu anayelijua. Mama yetu yu hai na ana umri wa miaka 80. Wadogo zangu wanataka tumwulize kama baba alikuwa na mtoto wa nje. Mimi naogopa. (Kifungua mimba, Dodoma)

Jibu: Marahaba. Umefanya vyema kuogopa, na nakuomba uwazuie wadogo zako. Msimwulize mama yenu swali zito kama hilo kwa ushahidi wa neno moja, tena neno ambalo katika Kiswahili lina milango mingi. Mtoto wa kaka yake baba yenu alikuwa mwanawe, bila kuongeza neno lolote. Mtoto wa shangazi yenu ni mpwa wake kwa usahihi, lakini wajomba wengi hawakupenda kuliandika neno hilo katika salamu na walisema "mwanangu" kwa mapenzi. Kijana aliyepewa jina la babu yenu huenda aliitwa hivyo kwa heshima ya jina, na yatima aliyelelewa pale nyumbani vilevile.

Zirudie hizo barua tano, utazame jina limekaa wapi. Kama limo katika mstari mmoja na watoto wa shangazi, kwa mpangilio wa umri, yaelekea ni mmoja wao au amelelewa pamoja nao. Kama limesimama peke yake, mbali na mengine, na hasa kama jirani yake kuna fedha iliyotumwa, au ada, au nguo za shule, hapo lina uzito mwingine. Tazama pia linaanza na kukoma mwaka gani. Mtoto anayesalimiwa kuanzia 1969 na kutoweka 1974 huenda alifariki, na kama ni hivyo, kuna mtu Singida anayejua kaburi lake lilipo.

Fikiri pia kuhusu shangazi yenu. Amekaa na barua hizi kwa karibu miaka 50, na ametoa mwenyewe bila kuombwa. Anajua kilichomo. Inawezekana ametaka mjue wakati yeye bado yupo wa kueleza, lakini hakuona njia ya kulianza. Kwa hiyo anayepaswa kuulizwa ni yeye, na aulizwe na wewe uliye mkubwa, ana kwa ana, si kwa simu. Ikiwa kijana huyo ni ndugu yenu na yu hai, shangazi ndiye atakayejua namna ya kumfikishia mama yenu habari hizo, au kama mama alikwisha kuzijua tangu zamani.

Nenda na barua moja tu kati ya hizo tano. Usimwulize kitu. Mwambie kwamba hukuusoma vizuri mwandiko wa baba na unaomba akusikilize, kisha msomee tangu mwanzo, pamoja na salamu zote, kila mtu kwa nafasi yake. Ukilifikia jina hilo, lisome kama ulivyoyasoma mengine, kisha unyamaze, umwache aseme yeye.